Maji ya Nyuzi Hamsini

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo ya kujilazimisha. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nimeichoka. Kwenye simu wewe unasema hujambo, mimi nasema sijambo, tunakata, kila mmoja anabaki na lake kifuani. Isitoshe nilikuwa karani mpiga chapa miaka ishirini na saba, nikaandika barua za wakubwa mpaka vidole vikaota sugu. Sasa ni zamu yangu kuandika zangu.

Kuna msiba kwenye kitalu. Nilisia mbegu sitini za nyanya za marehemu mwenzio kama alivyokuwa anazisia yeye. Ziliota vizuri tu, nikawa nakwenda kuziangalia asubuhi na jioni kama mtu mwenye wageni. Siku moja nikakuta miche michache imelala. Nikasingizia panya. Nilipoinama nikaona shina limekuwa jeusi pale linapogusana na udongo, limesinyaa kama limekazwa kwa uzi. Kesho yake ikalala kumi. Kesho kutwa sikuhesabu. Leo asubuhi umelala wa mwisho.

Jirani yangu, yule mama mwenye cherehani, anasema huo ni kinyausi, ukungu unaoangusha miche ikiwa bado changa. Akaniambia niponde kitunguu saumu, nichanganye na maji, nimwagie. Nikamwagia. Kitalu kikanuka kama jiko la hotelini, na miche ikaendelea kulala.

Wewe ndiye unayeshinda na mbegu na dawa zake huko kazini, hebu nielekeze. Kwenye chupa zimebaki kama mia mbili. Nusu nyingine unayo wewe kwenye bahasha, tuliyogawana siku unaondoka. Zaidi ya hapo, dunia nzima hakuna. Unakumbuka mumeo alivyozichagua, misimu sita, tunda kwa tunda, hapa nyuma ya nyumba, akizitupa zote zinazopasuka mvua ikizidi, mpaka watu wakamwita Bwana Nyanya naye akalipenda jina. Halafu homa ya wiki moja ikamchukua. Hamkubahatika kupata mtoto, na simlaumu mtu. Lakini acha niseme lililo moyoni: mbegu hizi zikiisha, sijui wewe na mimi tutaitana nani.

Ila dawa yenu ya rangi ya waridi usiniletee. Yeye hakuwahi kuzipaka kitu zaidi ya majivu ya jikoni.

Mama


15 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mlangoni mwa stoo, barakoa ikiwa bado usoni. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, ni miche. Akacheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Pole, Mama. Kitunguu saumu kina nguvu yake, nisikidharau, ila ulikimwaga wakati mwizi ameshamaliza kazi. Ukungu mwingine unatoka kwenye udongo, na mwingine unakuja na mbegu yenyewe, umejibanza kwenye ganda, unangoja unyevu. Majivu yanasaidia kukausha juu, lakini hayafiki ndani. Hapa kazini tunazizungusha mbegu na dawa kwenye pipa mpaka kila punje ivae koti. Ile rangi inawekwa makusudi ili mtu asije akazipeleka jikoni. Ningekuwa na amri ningezipaka tu, kiasi cha ncha ya kijiko, na usingizi ungenijia. Lakini nimekusikia.

Iko njia isiyo na dawa. Zifunge kwenye kitambaa chepesi, usizikaze. Zitie kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi zizoee. Kisha zihamishie kwenye maji ya nyuzi hamsini, dakika ishirini na tano, ukikoroga taratibu na ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo yasipoe. Hapo ndipo penye kazi. Yakizidi sana, mbegu inakufa. Yakipungua, ukungu unaoga tu na kutoka. Halafu zitie kwenye maji baridi, uzianike kwenye sahani kivulini siku hiyo hiyo. Udongo wa kitalu uuchome kwanza kwenye bati, usirudie ule wa zamani. Nakutumia kipimajoto, kiko ndani ya soksi ili kisivunjike.

Anza na thelathini tu. Zikiota salama, ndipo uendelee.

Mimi nipo. Chumba changu ni cha sita kwenye korido, kina kitanda, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta wa nyumba nyingine. Kazini tunavaa barakoa saa nane nzima, kwa hiyo hakuna maongezi. Nikirudi nyumbani nakuta sauti yangu imekwaruza kwa kutotumika. Usihofu lakini, nimezoea.

Mkweo


2 Machi

Mwanangu,

Kipimajoto kimefika kizima. Soksi nayo nimeipenda, kama una ya pili itume, miguu ninayo miwili.

Nikachemsha maji nikayajaribu. Nikachomeka kioo chako, mstari ukapanda mpaka hamsini sawasawa, nikaingiza mkono. Mama wee! Niliutoa kwa kelele mpaka mwenye cherehani akasimamisha mashine yake kuuliza kulikoni. Maji hayo ndiyo unataka nizitie? Mtu hata kuku hamnyonyoi kwa maji ya namna hiyo bila kumwonea huruma. Lakini haya, wewe ndiye mtaalamu, mimi ni karani mstaafu.

Unasema umezoea. Usinidanganye, neno hilo nalijua, nalitumia kila siku. Watu wakinikuta njiani wananiuliza habari za upweke, nawaambia nimezoea, wanaridhika wanaendelea na safari. Ukweli ni kwamba siku mwenye cherehani akienda kwa binti yake, mimi nakaa mpaka jioni sijasikia sauti ya mtu. Siku hizo naenda kukaa kwenye kitalu, hata kikiwa kitupu.

Na zako umeziweka wapi? Usije ukazipaka hiyo dawa kwa kisingizio cha kuziokoa. Alizileta duniani safi, na zikae safi. Niahidi kwa maandishi. Karani anaamini maandishi.

Mama


13 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Mama,

Nimekaa na kalamu tangu nimalize kufua. Umeniomba ahadi, na ahadi yenyewe nimeshaivunja kabla hujaiomba.

Barua yako ya kwanza ilinitia hofu. Niliporudi nyumbani nilifungua bahasha nikazimwaga kitandani, nikaona tatu zina utando mweupe. Chumba hiki kina unyevu, ukuta unatoka jasho. Nikajiambia, hizi nazo zinakwenda. Ulishanikataza dawa, nami nikakujibu kwamba nimekusikia. Jumamosi nikaenda nazo kazini mfukoni, zote. Nikangoja mpaka wengine wameenda kula, nikazizungusha kwenye bakuli na dawa kidogo. Nikazitandaza kwenye trei ndogo, nikaiweka pembeni mwa meza ya kukaushia. Zilipendeza, Mama. Nilisimama nikazitazama kama mtu aliyemvalisha mtoto nguo za shule.

Nilikwenda kutafuta bahasha mpya. Dakika nne, tano. Niliporudi trei ilikuwa tupu. Mpimaji, yule anayepima mbegu za kutia kwenye pakiti, alikuwa amekusanya trei zote za mezani akazimwaga kwenye pipa la oda ya siku hiyo. Hakufanya kosa lolote. Zilikuwa mbegu za nyanya, zimepakwa, zimekauka, ziko mezani. Nilitumbukiza mikono yote miwili kwenye lile pipa. Nilichota, nikamwaga kiganjani, nikachota tena. Zote waridi, zote ukubwa mmoja. Mia mbili za mwanao ndani ya mbegu zisizohesabika. Mpimaji akaniuliza natafuta nini, nikamwambia pete. Akanisaidia kutafuta, maskini, mpaka jasho likamtoka.

Ningesema ukweli ningemwaga unga siku ile ile, na zisingerudi. Mchana walizipima kwenye pakiti. Jumatatu gari likazichukua.

Sijui naanzaje kukwambia. Uliandika kwamba mbegu zikiisha hujui tutaitana nani. Mimi sina mtu mwingine wa kumwita.


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Naahidi. Mbegu zangu ziko salama, usiwe na wasiwasi nazo kabisa.

Lakini nakusihi sana, thelathini tu. Usizitie zote, Mama, tafadhali. Zilizobaki zifunge vizuri kwenye chupa na majivu makavu, uiweke chupa mahali pa juu pasipofika mvuke wa jiko, na uiangalie kila siku. Nakuomba.

Huku hali ya hewa ni nzuri. Kazi inaendelea vizuri. Nakula vizuri. Soksi ya pili naitafuta.

Mkweo


10 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya mwisho ilinifikirisha. Nzuri, vizuri, vizuri, mara tatu kwa mistari miwili. Nilikuwa napiga chapa barua za namna hiyo mkubwa mmoja alipokuwa anataka kumfukuza mtu. Nikasoma tena ulivyonisihi, thelathini tu, usizitie zote, nikaona kumbe huniamini. Unadhani bibi huyu ataziunguza. Basi nikajitia ukaidi.

Nimezitia zote. Mia mbili na tatu, nilizihesabu mara mbili juu ya gazeti. Nyuzi hamsini, dakika ishirini na tano, kama ulivyoagiza. Nimezisia zote kwenye udongo mpya niliouchoma kwenye bati mpaka nyusi zikanibabuka. Maana nilijiuliza, nabania nini? Zako zipo salama, umeniandikia mwenyewe. Nusu ikiwa mikononi mwa mtu mwangalifu, mwenye nusu ya pili anaweza kuthubutu.

Nazo zimeota! Jana nilihesabu mia na sabini. Nimemwita mwenye cherehani aje aone, akaja na futi yake shingoni, akasema zimesimama kama askari. Nilifurahi, mwanangu, nikakosa wa kumwambia mara ya pili, nikairudia furaha yenyewe peke yangu.

Mama


19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hongera. Nimefurahi mno.

Kuna mambo machache. Usimwagilie jioni, mwagilia asubuhi ili udongo ukauke juu kabla jua halijazama. Punguza msongamano, miche ipishane upana wa vidole viwili. Ukiona mmoja tu umelegea, uung'oe na udongo wake ukautupe mbali, na mikono uioshe kabla ya kugusa mwingine. Ukiweza hamishia ishirini kwenye makopo tofauti, uyaweke upande wa pili wa nyumba, leo, usingoje kesho. Nataka kukutumia dawa ya kumwagia, kidogo sana, ya kutumia ikishindikana kabisa. Niruhusu. Nijibu upesi, Mama, hata mstari mmoja.

Mkweo


8 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenifikia juzi. Hakukuwa na cha kuhamishia kwenye makopo.

Miche yote imelala. Ilianza kwenye kona ya karibu na bomba, ikaenda safu kwa safu, siku tano. Shina jeusi lile lile. Nilifukuza maji, nikamwaga majivu, nikamwaga kitunguu saumu, nikapiga magoti nikaichomekea njiti za kuegemea, mmoja mmoja, kama mwenda wazimu. Hata mmoja haukusimama.

Kwa hiyo maji yako ya moto hayafai. Nasema bila kuuma maneno: elimu ya kazini kwenu ni ya kazini kwenu. Mimi nilifanya kama ulivyoandika.

Nitumie thelathini. Sitaki zote, zako ni zako. Thelathini tu, kwenye karatasi, ndani ya barua. Safari hii nitazisia kama alivyokuwa anazisia yeye, na majivu yake. Mvua zinaisha, kwa hiyo usichelewe.

Mama


29 Mei

Mwanangu,

Wiki tatu sasa. Posta naenda kwa miguu kila baada ya siku mbili, yule wa dirishani ameshajua uso wangu, ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni ili kuniokolea hatua.

Nimewaza mengi. Nimewaza labda unaumwa. Nimewaza labda umepata mtu, na barua za mama wa marehemu zinakuletea kero nyumbani. Kama ni hivyo sitakulaumu, wewe bado kijana, sikuzaliwa jana. Nimewaza pia jambo baya zaidi, kwamba unazo, na hutaki kugawana. Kwamba umeona bibi ameharibu nusu yake, ya nini kumpa aharibu na ya pili. Kama ndivyo, sema. Niambie uso kwa uso, au kalamu kwa karatasi, kwamba Bwana Nyanya alikuwa mumeo kuliko alivyokuwa mwanangu. Nitalia, nitanyamaza.

Lakini usinikalie kimya. Kimya ninacho cha kutosha hapa.

Mkweo


9 Juni

Mama,

Sina mtu, siumwi, na sikukunyima. Sina mbegu.

Niliwahi kukuandikia ukweli tarehe kumi na tatu Machi, nikashindwa kuituma barua yenyewe. Nimeiweka hapa ndani pamoja na hii, uisome kwanza kisha urudi.

Ukishaisoma utaona ubaya wangu ulipo. Si dawa tu. Ni kwamba nilikwambia zangu zipo, na wewe kwa kuniamini ukathubutu na zote za kwako. Ningekuandikia mstari mmoja wa kweli ungebakiza mia na sabini na tatu kwenye chupa. Kuzipoteza zangu kulikuwa bahati mbaya, lakini za kwako zimepotea kwa uongo wangu.

Nimejaribu kuzitafuta. Nilimwomba karani wa mizigo anionyeshe daftari, nikaona oda ile iligawanywa kwa maduka thelathini na nane, miji tofauti. Moja liko karibu na kituo ninaposhukia. Nikanunua pakiti zote zilizokuwa rafuni, kumi na moja, muuzaji akadhani nina shamba. Nina makopo kumi na mbili kwenye korido, mbele ya mlango wangu, majirani wanayaruka wakipita. Nilijua ni upumbavu. Mbegu nilizosia humo zimeota zote, dawa imefanya kazi yake, hakuna hata mche mmoja uliolala. Wiki iliyopita zimeanza kuzaa. Ni nyanya laini, ndogo, za duara, hazina mikunjo ile ya juu ya nyanya zake, kama mfuko uliokazwa mdomo. Nimelikagua kila tunda. Hakuna la kwake.

Mahali fulani zipo. Mtu asiyenijua wala kukujua amezisia pamoja na nyingine, na tunda lake moja litakuwa zito na halitapasuka mvua ikija, naye atashangaa kidogo, atalikata ale na chakula chake, basi. Hatamjua.

Niliogopa, Mama, kwa sababu uliniambia ni mbegu hizo tu zinazotufanya tuwe kitu kimoja. Sasa hakuna yako wala yangu. Sitegemei kwamba utanijibu, na sina haki tena ya kukuita hivi ninavyokuita.

Nisamehe.


27 Julai

Mwanangu,

Ulitaka nisikujibu, na kwa muda nilikuwa karibu kukutii. Barua yako niliikunja nikaitia chini ya godoro. Nikaitoa nikaisoma. Nikaichukia, nikakuchukia na wewe, siku kumi na moja nzima, kwa bidii. Mwenye cherehani akaniuliza mbona natembea nikisema peke yangu, nikamwambia nakariri. Hilo la pete, kwamba mpimaji alikusaidia kuitafuta, ndilo lililonivunja. Nilicheka nikiwa na hasira, halafu nikalia, na baada ya hapo hasira haikurudi ikiwa nzima.

Ningeweza kukuacha ubebe mzigo wote peke yako, nao ungeubeba, nakujua. Lakini mimi nami sikukwambia kweli.

Kipimajoto sikukitumia. Yaani nilikitumia, maji yakafika hamsini, kitambaa kikiwa mkononi, na mbegu zote ndani. Nikashindwa. Nilikwishayagusa maji hayo, ninajua yanavyouma. Nikaongeza maji baridi. Nikajaribu kwa kiwiko. Nikaongeza tena. Unajua mumeo alipokuwa mchanga nilikuwa napima maji yake hivyo hivyo, kwa kiwiko, kiwiko kikitulia ndipo namtia. Mkono wangu ulifanya wenyewe, mwanangu, mimi nilikuwa nautazama tu. Kiwiko kilipotulia nikazitia. Nikazikalisha nusu saa badala ya dakika ishirini na tano, nikizisukasuka, nikawa naimba. Halafu sikuzianika siku ile. Nilizifunika kwenye kitambaa kibichi mpaka kesho yake, nikiona zinapumzika.

Uliniandikia wazi kwamba yakipungua, ukungu unaoga tu na kutoka. Barua hiyo nilikuwa nayo mezani. Nikaupa ukungu maji ya kuogea mtoto, na kitanda juu yake. Zilipolala zote nilijua saa ile ile ni nini, nikakuandikia kwamba maji yako hayafai. Nilitupa lawama mbali ili nisilale nayo. Kwa hiyo hata ningebakiza, na hata ungenitumia thelathini, kiwiko changu kingekuwa kile kile. Labda ningezimaliza polepole zaidi, basi.

Siku hizi naenda sokoni bila kikapu. Natembea meza kwa meza natazama nyanya. Nikiona yenye mikunjo naishika, naigeuza, naipima uzito kiganjani. Wauzaji wameanza kunung'unika kwamba bibi anapapasa mali za watu na hanunui. Mmoja aliniuliza juzi, mama, kwani unatafuta nini hasa? Nikanunua mbili mbovu nikaondoka. Nitaendelea kwenda. Najua si rahisi kuikuta ya kwake, usinielimishe.

Sasa nisikilize vizuri. Uliyaogopa maneno yangu ya Februari, na mimi ndiye niliyeyaandika. Nilikuwa nakutisha. Ulipoondoka na sanduku lako nilijiambia huyu atakuja kuandika mwaka mmoja, miwili, kisha atapata maisha yake, na ana haki. Nikakukabidhi nusu ya mbegu ili uwe na la kuniuliza. Kila nilipokuandikia habari za miche nilikuwa nataka kuuliza kama umekula, kama kuna mtu anayekugongea mlango ukiugua. Sikujua namna ya kuuliza bila sababu. Maisha yangu yote ya kazi niliandika barua zenye sababu, kuna mstari maalumu juu wa kuiandika.

Barua hii haina. Mbegu sina ya kukutumia, nawe huna ya kunitumia. Hakuna la kuelekezana. Nyumba iko kimya, mwenye cherehani yuko kwa binti yake, na nimekaa nakuandikia kwa kuwa ni wewe tu niliyebaki naye, na nadhani wewe nawe ni hivyo hivyo, ila tunaoneana aibu.

Una kiti kimoja chumbani. Hapa viko vinne, na chumba cha mbele nimekifagia.

Likizo yako ni lini?

Mama